Kifundo cha Bibi Mwajemi

Siku walipokutana, stesheni ilikuwa imefurika watu na treni imechelewa. Mwanamume mrefu mwenye sare ya uuguzi iliyokunjamana aligeuka ghafla, na shingo ya ala ya muziki aliyoibeba mgongoni ikamgonga mwanamke mmoja mbavuni.

"Samahani, dada. Nimekuumiza?"

"Mimi sijambo. Mgonjwa ni huo mkoba wako, zipu imekwisha."

Mwanamke alikuwa fundi wa magitaa, na jicho la fundi halina adabu. Alichungulia mkobani akaona setari, ala nyembamba ya Kiajemi, yenye vifundo vya uzi wa utumbo vilivyofungwa shingoni kwa mkono ili kugawa sauti. Treni ilipofika walikuwa bado wanazungumza, wakaiacha iende zake.

Yalikuwa mapenzi ya watu waliochoka. Nesi, ndivyo alivyomwita, alishinda wodini akiinua wagonjwa. Fundi alishinda karakanani akivuta harufu ya gundi, na nyumbani shangazi yake aliyepooza alimngoja amgeuze kitandani. Matembezi wangeyatoa wapi? Ila kila asubuhi, akisubiri lifti ya hospitali, Nesi alimtumia ujumbe wa sauti: anaimba, mdomo ameufumba, ngazi moja ya sauti za Kiajemi, Shur, aliyofundishwa na bibi Mwajemi aliyekuwa jirani yake. Aliipanda na kuishuka, kila siku kwa namna nyingine.

"Mpenzi, wimbo ni huohuo tu?" Fundi alimtania kwa simu.

"Si wimbo, ni njia. Ukishaijua unapita utakavyo, mradi mwisho urudi nyumbani, kwenye sauti uliyoanzia."

"Basi rudi. Mimi niko nyumbani."

"Nina zamu mbili leo, roho yangu."

Bibi Mwajemi alipofariki, watoto wake walimwomba Nesi apige setari kwenye kumbukumbu yake. Aliiacha kwa Fundi abadilishiwe uzi. Fundi, macho yakijifumba kwa uchovu, alipitisha kipima sauti kwenye kila kifundo, akakuta kimoja kimekaa katikati ya sauti mbili, si huku wala kule. Maskini, kimelegea, alijisemea. Akakisogeza mpaka mshale ukasimama wima, akakikaza, akafurahi kwamba amemtendea mpenzi wake jema asiloombwa.

Kesho yake Nesi aliipitia setari akaenda nayo kwenye kumbukumbu; jioni simu ya Fundi ililia.

"Umegusa kifundo?"

"Kilikaa vibaya. Nimekirekebisha."

"Bibi alikifunga kwa mkono wake. Sauti ile ndiyo Shur yenyewe, na haimo kwenye kipimo chako. Nimeaibika mbele ya wanawe, nikaacha katikati. Nimejaribu kukirudisha, sikio limeingiwa na shaka. Kila mahali naona ndipo, kila mahali naona sipo."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

Kesho yake Fundi alikuta setari mlangoni mwa karakana, na asubuhi zilizofuata simu yake ilikaa kimya. Iliuma. Aliigeuza simu, akafungua jumbe za zamani, si kwa hekima yoyote, ni kwa kumkumbuka tu. Alipofika wa tatu akaketi wima. Sauti ile ilikuwemo. Katika kila ujumbe, hata siku Nesi alipokuwa na mafua, ilikaa palepale. Akakizima kipimo, akakilegeza kifundo, akakisogeza akilifuata koo la mpenzi wake unywele kwa unywele.

Alimkuta Nesi kwenye benchi karibu na lifti ya hospitali, macho mekundu.

"Fundi, nimechoka."

"Najua. Jaribu," akampakatisha setari.

Nesi aligusa uzi kwenye kifundo kile. Akagusa tena.

"Nani amekuonyesha?"

"Wewe. Uliniimbia kila asubuhi, nami nikidhani nabembelezwa tu."

Nesi alicheka, kicheko chembamba cha mtu aliyekesha, akaanza kupiga. Alizunguka sauti ile, akaikwepa, akairudia, akapanda asikowahi kupanda. Kisha akashuka polepole na, kabla ya sauti ya mwisho, akaacha.

"Mbona hurudi nyumbani?"

"Sina nguvu za kuposa kwa mbwembwe, mpenzi. Kuchoka tutachoka tu. Nataka tuchokee nyumba moja."

Fundi alisogea karibu. Akanyoosha kidole chenye gundi iliyokauka, akaupiga uzi mtupu, na sauti ya mwisho ikalia.

Lifti ilifunguka, ikajaa watu, ikaondoka bila wao.

"Haya, niende," alisema Fundi, akijifuta macho kwa kiwiko. "Shangazi anangoja kugeuzwa."

"Twende wote. Leo wewe keti," alisema Nesi. "Nitamgeuza mimi."