Nyumba Tatu Nyuma ya Kliniki

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kuchota maji, Ikirezi aliandamana na shangazi yake Kantengwa kuzunguka nyumba za kijiji chao, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kantengwa alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Mwaka huo wa 2012, Daktari Stellah kutoka Mbarara alitaka kujua kwa nini wajawazito wengi hawakuja kliniki kupimwa siku ya Jumanne. Kantengwa aliuliza maswali, na Ikirezi, mwenye mwandiko mzuri, akaandika majibu kwenye fomu.

Siku ya mwisho zilibaki nyumba tatu tu, nyuma ya kliniki. Kantengwa akaitwa kumwona mtoto mwenye homa, akamwachia Ikirezi fomu za nyumba hizo akaulize mwenyewe. Lakini uwanjani wenzake walikuwa wakicheza mpira wa pete, na timu yake ilipungukiwa mchezaji. Ikirezi aliketi juu ya jiwe, akajaza fomu zote tatu upesi. Wanawake wengi wa nyumba za mlimani walikuwa wamesema kliniki iko mbali, basi naye akaandika: “Ni mbali.”

Jumamosi daktari alifika, akazipitia fomu moja moja. Mara akacheka.

“Hawa mama watatu wanakaa hapa nyuma,” alisema. “Ikirezi, umbali uko wapi?”

Uso wa Ikirezi uliwaka moto. Angeweza kusingizia kwamba shangazi alichanganya nyumba. Lakini alipomtazama Kantengwa, ambaye hakujua lolote, alishindwa kuongeza uongo wa pili.

“Sikuwauliza,” alisema. “Nilienda kucheza.”

Daktari alimpa fomu tatu mpya bila kumgombeza. Kantengwa alifuatana naye hadi nyuma ya kliniki.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Marie, aliyekuwa na mimba kubwa.

“Kliniki haiko mbali, mwanangu,” Marie alisema kwa Kiswahili cha kwao. “Lakini Jumanne njo banagawa chakula. Nikitoka ku foleni, watoto batakula nini?”

Majirani wake wawili walijibu vivyo hivyo: Jumanne ndiyo siku ya kugawiwa chakula. Daktari aliposikia, aliomba nyumba zote ziulizwe tena kuhusu siku hiyo. Hata huko mlimani, zaidi ya nusu walitaja foleni ya chakula. Basi kliniki ikahamisha siku ya wajawazito hadi Alhamisi, na Alhamisi ya kwanza mabenchi hayakutosha.

Marie alikuwa miongoni mwa waliokuja. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu sana, akapelekwa Mbarara kwa gari la wagonjwa siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili alirudi na binti mnene, mwenye sauti iliyosikika hadi barabarani.

Ikirezi alipompakata mtoto huyo, Daktari Stellah aliketi kando yake.

“Jibu lako la kubuni lingenifanya nitafute gari la kuwaleta watu wa mlimani tu,” alisema, “na Marie angebaki kwenye foleni. Hatuwezi kumsaidia mama kwa kukisia shida yake. Muulize, kisha uandike alichosema, hata kama hukukitarajia.”

Ikirezi aliitikia kwa kichwa, polepole, asije akamwamsha mtoto.