Mwendo wa Bi Shemsa

Zamani sanamu za kuonyeshea nguo zilisimama dirishani kama askari wa gwaride. Sanamu za duka la Ostravelli, mjini Milano, zilitembea. Zilishuka ngazi za marumaru, zikapita katikati ya wateja na kugeuka taratibu ili kila mtu aone hariri inavyoanguka mwilini. Hazikuwa na uso wala nywele. Kilichowafanya wapita njia wasimame na kukodoa macho ni namna zilivyotembea: mguu wa kulia ulitua kwa madaha, wa kushoto ukachelewa kidogo kana kwamba unafikiria, kisha nyonga ikauvuta mbele bila haraka.

Bi Shemsa Shekilindi, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Tanga, alizitazama sanamu tembezi hizo kwa muda mrefu. Kuna kitu kilimsumbua, ila hakujua ni nini. Alikuwa amefuatana na binti yake Raudha, mhandisi wa viungo bandia, aliyealikwa kwenye mkutano wa wahandisi wenzake. Siku hiyo mkutano ulikuwa na mapumziko. Raudha alikuwa anaolewa mwezi ujao, na mama yake alikuwa ameapa kwamba kwenye harusi hiyo hatavaa gauni ambalo mwanamke mwingine Tanga nzima analo.

"Twende basi, mama," Raudha alisema. "Ukiendelea kusimama hapa watadhani na wewe unauzwa."

Mlangoni palikuwa na kisomamwendo, mtambo uliomtambua mteja kwa hatua zake kabla hajafungua mdomo. Raudha alipita, taa ikawa ya kijani. Bi Shemsa alipopita, taa ikawa nyekundu, na sauti ya upole ikasema katika kikalimani alichovaa sikioni: "Mwendo huu ni mali ya Ostravelli. Tafadhali badili mwendo, au subiri kiti cha magurudumu."

Bi Shemsa alirudi nyuma, akapita tena. Sauti ikarudia maneno yale yale.

Msimamizi wa duka, mwanamke mrefu aitwaye Fiorenza Galdi, alikuja akifuatwa na kiti kilichojiendesha chenyewe.

"Utuwie radhi, bibi. Mtambo huu unakamata waigaji. Maduka mengine hutuma watu waje kujifunza mwendo wetu."

"Nimeiga kwa nani?" Bi Shemsa aliuliza. "Nyonga hii niliivunja nikiwa darasa la tano, nilipoanguka na baiskeli ya baba. Tangu hapo natembea hivi."

Fiorenza alimtazama miguuni, halafu akazitazama sanamu. Uso ukamchangamka.

"Kumbe ni wewe. Hatukuwahi kuambiwa jina lako. Mwendo wako ndio uliotupa umaarufu. Tuliununua kwa kampuni moja ya miguu ya bandia, tukapewa haki ya kuutumia peke yetu."

Hapo Bi Shemsa akakitambua kile kilichokuwa kikimsumbua. Alikuwa akijitazama mwenyewe.

Mumewe, Mzee Hoza, alikatika mguu bandarini, winchi ilipoangusha shehena. Hospitali ilimpa mguu mwerevu, mguu wa bandia wenye akili yake, ambao hauwezi kutembea mpaka ufundishwe na mtu aliye hai. Aliulizwa anataka mwendo wa nani. "Wa mke wangu," alijibu. "Nimetembea nyuma yake tangu ujana wetu. Naujua kuliko wangu." Bi Shemsa akatembezwa kutwa nzima kwenye zulia la kupimia, na akakubali mwendo wake apewe bure mgonjwa yeyote atakayeuhitaji. Baada ya hapo mume na mke walitembea Tanga kwa hatua moja, na watu wakawatania.

Kisha asubuhi moja mguu ule ulipokea maagizo mapya kutoka kiwandani, na mwendo ukapotea. Ulikwenda mkakamavu, kama umekanyaga moto. Mzee Hoza alianguka mlangoni mwa msikiti, mbele ya watu. Akaanguka tena sokoni. Akaacha kutoka nje, na hakutoka tena mpaka alipotolewa kwenda kuzikwa.

"Mliununua mwaka gani?" Raudha aliuliza.

Fiorenza akautaja mwaka. Raudha akafumba macho. Alisomea uhandisi kwa ajili ya mguu ule, akautafuta ubovu wake miaka yote asiuone.

"Haukuwa mbovu, mama," alisema. "Ili mwendo ubaki wa duka hili peke yake, kampuni iliufuta kwenye miguu yote."

"Tuliambiwa wagonjwa watapewa mwingine," Fiorenza alisema polepole.

"Walipewa. Ndio uliomwangusha baba."

Fiorenza hakuwa mtu mbaya, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa. Lakini alikuwa na kazi yake. Akasema nyumba ya Ostravelli ingefurahi kumzawadia Bi Shemsa gauni lolote alipendalo, pamoja na kibali cha kutembea katika maduka yao yote duniani, akikubali tu kuweka kidole gumba kwenye hati ya makubaliano.

"Unanipa ruhusa ya kutembea?" Bi Shemsa aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Ya kudumu."

"Baba yake huyu alikufa akidhani ni uzee," Bi Shemsa alisema. "Alikuwa ananiomba msamaha kwa kuzeeka. Kiondoe kiti chako."

Akaingia dukani. Kengele ikalia. Alipanda ngazi za marumaru, akageuka, akashuka nazo katikati ya sanamu, mguu wa kulia kwa madaha, wa kushoto ukichelewa. Mtambo ulipoona mwendo mmoja umezidi, ulisimamisha sanamu zote ili umnase mwigaji. Zikaganda, nyingine mguu juu. Aliyeendelea kutembea alikuwa mmoja tu, na wateja wote walimwona.

"Mwendo huu ni wangu," aliwaambia, na vikalimani vikatafsiri katika kila sikio. "Niliwapa watu wasio na miguu. Hawa wamewanyang'anya."

Walinzi walipokuja, aliwaambia anajua mlango ulipo, akatoka bila gauni.

Kesho yake, mbele ya mkutano mzima wa wahandisi, Raudha alitandika zulia la kupimia, na mama yake akatembea juu yake mpaka nyonga ikamuuma. Mwenyekiti alimnong'oneza Raudha kwamba anaweza kupoteza leseni yake. "Najua," Raudha alijibu, akabonyeza kitufe na kuurusha mwendo ule hewani, bila kufuli, kwa kila mguu mwerevu ulioweza kuupokea. Kabla ya chakula cha mchana, watu wa Lima, Tabora na Karachi walikuwa wanajifunza kuchelewesha mguu wa kushoto.

Mawakili wa Ostravelli walimpigia simu Bi Shemsa akiwa bado hotelini, anafunga sanduku. Walimsomea sheria kwa kirefu, naye akawasikiliza mpaka mwisho.

"Umeuza mali isiyo yako," wakili alimaliza.

"Hapana, mwanangu," Bi Shemsa alisema. "Nyinyi ndio mliouza. Mimi nimegawa."