Mtani wa Behewani

Siku ya mnada Masasi mtu hamsikii mwenzake. Mitumba inanadiwa kwa makofi, redio za betri zinaimba nyimbo tatu kwa mpigo, na wanunuzi wa korosho, wale wageni wa soko huria wenye viatu vyeupe, wanapita wakitazama magunia ya watu kama wanatazama mbuzi wagonjwa. Katikati ya zogo hilo mwanamume mwembamba, shati la drafti, mizani ya kuning'iniza begani, aliingia kwenye behewa la zamani akajigonga paji la uso kwenye chuma cha mlango.

"Pole," alisema mwanamke mwenye gauni la kitenge cha kijani, bila kugeuka kutoka kwenye jiko lake la mkaa. "Mlango huo unataka watu wenye adabu ya kuinama."

"Nimezoea milango ya Newala, mama."

"Newala?" Sasa aligeuka. "Ukoo gani?"

Akautaja. Mwanamke akapiga kofi moja kubwa.

"Mtani wangu! Kaa, mume wangu, kaa! Ninyi wa huko juu mnaooga umande, leo utanawa maji mpaka uyaogope."

"Afadhali umande, mke wangu, kuliko ninyi wa Masasi mnaolala na nyani kwenye mawe."

Behewa zima likacheka. Huo ndio utani wa kwetu kusini: koo mbili zilizopigana enzi za mababu zimebaki na ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana vitu, kuitana mume na mke, na hakuna wa kukasirika. Akifa mtu upande mmoja, upande wa pili huja kuwachekesha wafiwa.

Mwanamume aliitwa Cuthbert, fundi wa mizani. Mwanamke aliitwa Dominika. Aliuza chai, mbaazi na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, na alilala humo humo, nyuma ya pazia, peke yake.

Na behewa lenyewe lisemwe, maana wapo wanaotaka lisahaulike. Waingereza walileta reli kwa ajili ya karanga. Karanga zikawashinda, reli ikang'olewa hadi misumari, na behewa moja likaachwa juu ya magurudumu yake kama mtu aliyeambiwa subiri hapa, narudi. Lilipobeba abiria, baba yake Dominika alifagia daraja la pili asiloruhusiwa kukaa. Baada ya uhuru wazee walijifunzia kusoma humo. Likawa ghala la korosho la ushirika, likawa mahali pa kupimia watoto wachanga, likawa duka la sukari wakati wa foleni, ambapo sisi tulisimama juani na wakubwa wakaingilia mlango wa nyuma. Kila zama ilipaka rangi yake. Ukikwaruza ukuta kwa ufunguo unaziona zote. Ushirika ulipokufa, au tuseme ulipouawa, nusu ya behewa alipangishwa Dominika na nusu nyingine Husseni, aliyeweka simu ya kulipia.

Cuthbert alirudi kwao Newala, juu uwandani kusiko na maji. Wiki hiyo hiyo simu ikalia. Kati ya Husseni na Dominika palikuwa na ubao tu, lakini Husseni alipenda kupaza sauti.

"Dominika! Mumeo wa umande!"

Watu walijaa kwenye benchi wakisubiri zamu zao. Dominika alifuta mikono kwenye khanga, akashika simu.

"Nani?"

"Mumeo. Umenipikia nini leo?"

"Mawe. Yameiva, njoo."

"Nakuja na meno ya kuazima. Yangu nayaonea huruma."

"Uje na maji yako pia. Sijazoea mume anayenuka vumbi."

Benchi likacheka. Ikawa hivyo kila wiki. Mbele ya masikio yale yote wangesema nini kingine? Dominika angesema "nimekukumbuka," mji mzima ungejua kabla ya adhana ya magharibi. Kwa hiyo alisema, "Nasikia umekonda kwa kunikosa," kisha akarudi jikoni, akamimina chai hadi ikamwagikia makaa. Jioni wateja walipoondoka, bati la behewa lilipoa kwa milio midogo midogo, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Dominika aliisikiliza hadi ikanyamaza.

Siku moja Cuthbert alisema, "Mke wangu, Jumapili nakuja na mjomba Ladislaus. Tunakuja kuposa."

Husseni alipiga meza kwa kicheko. Benchi likaangua kicheko.

"Mje!" alijibu Dominika. "Nitawawekea ndoo ya maji mlangoni, muoge kwanza ndipo mtaje mahari."

Cuthbert alishusha sauti. "Dominika, nasema nakuja."

"Nami nasema njoo, mume wangu!"

Jumapili, ibada ilipokwisha, Dominika alipanda lori kwenda Nanganga kununua mbaazi. Huku nyuma Cuthbert akashuka kwenye basi na mjomba wake. Sisi wa kusini tunajua uzito wa mjomba: yeye ndiye mwenye mtoto wa dada yake, yeye ndiye mdomo wa posa. Mzee Ladislaus alivaa kaunda suti ya kijivu, akachomeka kalamu mfukoni. Wakakuta kufuli.

"Ninyi watani mna vituko!" Husseni alicheka hadi machozi. "Kumbe mmekuja kweli! Basi ngojeni." Akawaletea ndoo. "Mwenye nyumba kaacha maagizo: muoge!"

Watu wakajaa kutazama. Mzee aliitazama ndoo, akamtazama mpwa wake.

"Cuthbert, umenitoa kwangu nije kuchekwa na vijana wa mnadani?"

Hakungoja jibu; akageuka kurudi kwenye basi.

Dominika aliporudi alihadithiwa kwa vicheko. Aliuliza jambo moja tu.

"Mzee alivaa nini?"

"Suti! Imepigwa pasi, ukiigusa inakukata."

Dominika aliketi juu ya gunia la mbaazi. "Husseni, nani anapiga pasi kwa ajili ya utani?"

Alipiga simu duka la Newala ambako Cuthbert alikuwa akipigia simu. Wakamwita. Alisikia viatu vyake vikija, kisha vikasimama, kisha mwenye duka akasema, "Mama, anasema mtani wake aambiwe amecheka vya kutosha."

Tangu hapo simu ililia kwa ajili ya watu wengine.

Msimu wa korosho ulipoanza, behewa likauzwa. Nani aliliuza, kwa kikao gani, usiulize. Wakati ule vitu vya umma viliuzwa kama vitu vya marehemu asiye na ndugu. Mnunuzi alikuwa tajiri wa korosho. Alipita akigonga kuta kwa pete yake.

"Hapa nafungua baa. Jumamosi asubuhi uwepo, mama, utoe vyombo vyako. Usipokuwepo, vijana wangu watavitupa."

"Na mimi nitakwenda wapi?"

"Soko huria, mama. Popote."

Ijumaa simu ililia. Husseni alisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. Alizunguka mwenyewe hadi jikoni.

"Dominika. Newala wanaita watani. Mzee Ladislaus amefariki. Anazikwa kesho." Akakuna kichwa. "Lakini kesho ndiyo siku yako ya kuhama."

"Mtani akiitwa haulizi vyombo."

Alfajiri alipanda lori.

Msibani watani wenzake walishaanza kazi. Mmoja alikuwa ndani ya kaburi, amejinyoosha, anasema hatoki hadi aletewe jogoo. Mwingine aliiga namna marehemu alivyokuwa akikohoa. Wajane walicheka huku wakijifuta machozi. Walipomwona Dominika wakashangilia.

"Mke wa umande kafika! Tuonyeshe mzee alivyokuja kuposa akakuta ndoo!"

Wakamtupia kofia ya marehemu. Aliidaka. Kila mtu alingoja. Hata Cuthbert, aliyesimama na koleo kando ya kaburi, alimtazama. Dominika alifungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa kichekesho. Alilia kwa sauti, kofia kifuani, hadi aliyemo kaburini akainuka kuona kuna nini.

"Mtani halii," alisema bibi Anjelina, dada wa marehemu, polepole. "Akilia, si mtani tena. Ni mfiwa. Mpisheni akae na sisi."

Baada ya maziko Cuthbert alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa na wanawake.

"Shikamooni, mama zangu. Naomba niseme naye." Wakasogea. "Dominika, unalia nini? Hukumjua."

"Nilimfungia mlango."

"Si ulikuwa unacheza?"

"Watu wote wale pembeni, Cuthbert! Ningejuaje kwamba wewe huchezi?"

"Mimi niliacha kucheza siku nilipojigonga kwako."

"Basi ungeniambia nikiwa peke yangu. Siku zote niko peke yangu."

Cuthbert alikaa chini. Akasema, "Mjomba hayupo. Nani atanisemea sasa?"

"Sema mwenyewe. Lakini ujue, kwetu mume huja kwa mke, na mimi sina pa kukuleta. Leo ndiyo siku waliyosema watatupa vyombo vyangu."

"Ulijua, ukaja?"

"Nilijua."

Jumatatu walishuka Masasi pamoja. Behewa lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, mbichi bado, jina la baa mlangoni. Simu ya Husseni imeng'olewa. Vyombo vya Dominika vimetawanyika kwenye vumbi, sufuria zimejaa mchanga, kitanda kimepinduliwa, na kijana mwenye brashi akawapigia kelele wasiguse ukuta.

Cuthbert alisimama katikati ya vyombo hivyo, akavua kofia.

"Dominika, naomba nikuoe. Sina mjomba wa kunisemea."

Wauza mitumba wawili waliosimama wakaanza kucheka, wakijua ni watani. Si Cuthbert wala Dominika aliyecheka nao. Vicheko vikaisha.

Dominika alitazama jua lilivyopanda, akatazama barabara ya kwenda Mkuti, kwenye vyumba vya kupanga.

"Shika kitanda upande huo," alisema. "Ni kizito kwa mtu mmoja."