Pasi Ambayo Hakuitaja

Rafiki yangu muuguzi si mtu wa kutia chumvi, ndiyo maana jambo hili linaninyima raha.

Alichoshwa na umeme kukatika, akaamua kununua jenereta ya dizeli. Fundi akamwambia ataje kila kifaa cha nyumbani, wajue ukubwa unaofaa. Akataja friji, feni, taa, pampu ya maji. Pasi ya marehemu mumewe hakuitaja. Tangu msiba ilikaa kabatini, nguo zake mwenyewe anapeleka kwa dobi.

Jenereta ikafungwa uani, ikaunganishwa na nyumba. Jioni fundi akasema, "Dada, zima kila kitu, tuisikilize kwanza ikiwa haina mzigo."

Akazima vyote, akafunga mlango. Nyumba ikabaki giza tupu. Injini ikanguruma vizuri, kisha ghafla ikaguna kama mtu aliyetwishwa gunia. Ikapumua. Ikaguna tena.

Fundi akatega sikio. "Umeacha pasi, dada. Ndivyo ilivyo, inavuta umeme, inaachia, inavuta."

"Mimi sipigi pasi."

"Basi kuna anayekupigia," fundi akacheka. Injini ikaguna tena.

Wakaingia na tochi. Kabatini pasi ilikuwa baridi, waya umezungushwa vilevile. Kando yake lilining'inia shati la mwisho alilovaa mumewe. Rafiki yangu hakuwahi kulifua wala kulinyoosha, asije akapoteza harufu yake.

Halikuwa na kunyanzi hata moja. Akagusa kola. Ilikuwa ya moto.