Atapata wa Kumsemea

Kiti cha wageni kilikuwa kimelowa.

Tabita alikiona mara tu alipofungua ofisi, kabla hajaweka mkoba chini. Kilikuwa kiti cha kitambaa cha kijivu, alichokinunua makusudi ili wateja wasikalie plastiki, na sasa kitambaa kilikuwa kimekuwa cheusi kwa maji pale tu mtu anapokalia na pale anapoegemeza mgongo. Kwingine kote kilikuwa kikavu. Tabita alitazama dari. Ilikuwa kavu. Ulikuwa mwezi wa tisa, Tunduma nzima ilikuwa vumbi la malori, na bomba la jengo lile lilikuwa halijatoa maji tangu wiki iliyopita.

"Violet, umemwaga maji hapa?"

Violet alikuwa ndio kwanza anaingia, viatu vya ofisini mkononi, kandambili miguuni.

"Ningeyatoa wapi ya kumwaga, dada? Hata ya chooni tunanunua."

Tabita aliinama, akanusa. Kilinuka tope. Si tope la barabarani, ni lile la chini kabisa ya maji yaliyotulia, lenye majani yaliyooza, ambalo mtu hulisikia harufu yake pale tu linapokorogwa. Wakakitoa kiti varandani kikapigwe jua, wakaendelea na kazi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Tabita alikuwa amesomea mahusiano ya umma chuo kikuu, akarudi kwao kufungua wakala mdogo wa kuwasemea watu wasiojua kujisemea: wenye mashine za unga, wapitisha mizigo mpakani, shule moja binafsi. Yeye aliandika. Violet, mtoto wa mama yake mdogo kutoka Ibaba, Ileje, ndiye aliyesema. Tabita hakuweza kuongea na waandishi wa habari. Simu ikilia tu viganja vilimtoka jasho. Kwa hiyo kila taarifa iliyotoka pale ilibeba jina la Violet kama msemaji, na watu waliopiga simu mara moja walipiga tena kwa ajili ya kumsikia. Mama mdogo alipomleta alisema maneno machache tu: "Huyu ndiye niliyebaki naye. Mtunze."

Kazi yao ya karibuni ilikuwa ya Mzee Osea, mwenye gesti ya madereva wa malori. Madereva walikuwa wamegoma kulala kwake. Walisema kuna jini, na mmoja wa kutoka Tanga aliapa kwamba analisikia likilalamika ndani ya ukuta wa vyoo vipya.

"Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa," Mzee Osea alisema siku ile alipokuja. "Mzee wa kanisa anafugaje jini?"

"Hakuna aliyesema unalifuga, mzee."

"Wanasema! Gesti ilipokuwa inajaa, walisema ni jini linaleta wateja. Sasa haijai, wanasema limenigeuka. Yaani nikipata jini, nikikosa jini!"

Violet alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tabita aliandika taarifa kwa umma, akaisoma na kuirudia, akahangaika na kila mkato. Aya ya mwisho tu ndiyo ambayo hakuigusa, kwa sababu alikuwa ameinakili kutoka taarifa ya mwenye mashine ya unga aliyelaumiwa kwa mizani mibovu. Aliipenda sana aya ile, na siku hizi aliibandika mwishoni mwa kila kitu: *Yeyote mwenye lalamiko, awe nani, atokako popote, asinung'unike pembeni. Milango ya ofisi yetu iko wazi. Aje, atasikilizwa, na atapata wa kumsemea.* Chini yake, jina la mtaa, jina la jengo, jina la Violet.

Rabson wa gari la matangazo aliisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwanga, kisha kwa Kibemba kwa ajili ya wale wanaovuka mpaka kutoka Nakonde. Mzee Osea alitaka wageni wake wasikie vizuri, kwa hiyo akamwingiza Rabson mpaka uani, gari likasimama ubavuni mwa vyoo vipya, na spika zikatazama ukuta.

Siku kiti kilipolowa mara ya pili, Mzee Osea alipanda ngazi akiwa anacheka peke yake, na mfuko wa mchele wa Kamsamba begani.

"Imejaa! Wanalala mpaka kwenye korido! Nyie mabinti mmefanya kazi, limehama kabisa!"

Akajitupa kwenye kiti cha wageni, na papo hapo akainuka, akashika suruali yake nyuma.

"Sasa ndio nini? Mnaniwekea maji?"

Tabita alikuwa amekianika kiti kile jana yake, akakigusa kwa kiganja, akahakikisha kimekauka. Akaikumbuka ile harufu ya tope, na ule ukuta wa vyoo.

"Mzee, pale nyuma, kabla hamjajenga vyoo, palikuwa na nini?"

"Pale? Palikuwa na kachemchemi tu. Tukamwaga kifusi, tukafukia. Kwani vipi?"

"Palikuwa kwangu," Violet alisema.

Alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Sauti ilitoka kinywani mwake, lakini ilikuwa nzito na yenye mwangwi, kama ya mtu anayeongea akiwa amesimama chini mahali pembamba penye maji. Mzee Osea alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha mchele sakafuni na kuaga akiwa tayari mlangoni.

Violet akageuka. "Mbona unaniangalia hivyo, dada?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Tabita alitaka kulia kwa furaha ya kuisikia.

Kuanzia hapo Violet alikigeuza kiti chake kikaelekea kile cha wageni. Alikuwa akikaa mbele yake, kalamu mkononi, akiitikia kwa kichwa. Tabita alipomuuliza anaongea na nani, alijibu kwa upole, kama siku zote wanapokuwa na mtu ofisini: "Mteja, dada. Usimkatize." Mwandishi alipiga simu kuuliza habari za unga, akajibiwa kwa ile sauti nzito kwamba maji hayafi kwa kufukiwa, yanasubiri. Mwalimu mkuu wa ile shule alipiga kuuliza tangazo la nafasi za kidato cha kwanza, akasikiliza kidogo, akakata, na hakupiga tena. Harufu ya tope ilishuka mpaka kwenye duka la vipuri. Violet alikunywa maji jagi kwa jagi, na midomo yake ikazidi kupasuka.

Mchana mmoja, umeme ukiwa umekatika na feni imesimama, alimkamata Tabita kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Dada." Alinong'ona haraka haraka, macho yakiwa mlangoni kama mtu anayeiba. "Nikifungua mdomo, ananitangulia. Mwanzo alikuwa anangoja nimalize. Sasa hangoji. Dada, nimpigie mama vipi, wakati nikisema *shikamoo* inatoka sauti ya huyu? Dada, usiniache na..."

Na hapo ile sauti ikamalizia, taratibu, kwa adabu: "Nimeahidiwa wa kunisemea. Nimempata. Nashukuru."

Tabita alikimbilia kwa Mzee Osea, akapiga magoti palepale mapokezi, mbele ya madereva waliokuwa wanagombea funguo. Avunje vyoo, afukue chemchemi, basi.

"Nivunje vyoo na gesti imejaa?" Mzee Osea alimwinua, akashusha sauti. "Mwanangu, na mimi naogopa. Lakini huko lilikohamia si limetulia? Halijaua mtu. Vumilieni kidogo. Tutaomba."

Waliomba kweli. Wazee wa kanisa walikuja ofisini na vitabu vya nyimbo, Violet akaimba nao vizuri, machozi yakimtiririka. Ila sala ilipofika mwisho, aliyeitika *Amina* hakuwa yeye, na wale wazee walilijua hilo, kwa sababu kila mmoja alianza kutafuta kofia yake.

Mwisho akaja Nyanzobe, mganga Msukuma kutoka bondeni Momba, ambako wafugaji wamehamia na ng'ombe wao. Alishuka kwenye bodaboda, mkoba mwekundu kwapani, akazima simu yake iliyokuwa inaita, akakizunguka kiti cha wageni bila kukigusa. Alimtazama Violet, aliyekuwa amekaa mikono mapajani kama mtu anayengoja zamu. Kisha akataka kusomewa ile taarifa, yote. Ilipofika aya ya mwisho aliguna.

"Nani kaandika hiyo?"

"Mimi, mama."

"Na jina la chini la nani?"

"La Violet."

"Kwa nini siyo lako?"

Tabita akaikunja ile karatasi.

"Sikia, binti. Mimi namfukuza aliyevamia. Huyu hakuvamia. Mmemfuata mpaka kwake na spika, mmemwambia kwa lugha tatu, njoo, mlango huu, mtu wako huyu. Kaja kwa adabu zake, kakaa pale mlipomwekea. Nimwambie nini? Atoke kwa kosa gani?"

"Basi nifute. Nitangaze kwamba tumefuta."

"Afute aliyetajwa." Nyanzobe alimwelekezea Violet kidevu. "Unaona mdomo wa kufutia hapo?"

Chini, fundi alikuwa anagonga springi ya lori.

"Unachoweza ni kumbadilishia," Nyanzobe alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mzazi. "Ofisi ni yako, msemaji unaweka wewe. Lakini usinidanganye mimi wala nafsi yako kwamba hapo utakuwa umemtoa."

Rabson hakutaka kurudi kwenye ua ule. Alikubali kwa ajili ya Violet, waliyekuja naye garini, akasema atapaki tu, kusoma hasomi. "Mimi leo ni dereva, bosi. Maikrofoni hiyo hapo, mukwai," akajaribu kutania kwa neno la heshima la Kibemba, akampa maikrofoni bila kuutazama ukuta.

Jua lilikuwa kali, uani nguo za madereva zilikuwa zimeanikwa, mtu alikuwa anakaanga mayai kwenye dirisha la jikoni, na Tabita, ambaye hakuwahi hata kuongea kwenye harusi ya kaka yake, alisimama mbele ya ukuta wa vyoo akaona unyevu umepanda kwenye rangi mpya mpaka usawa wa kifua cha mtu, akasogeza maikrofoni mdomoni na kusikia pumzi yake mwenyewe ikitoka kwenye spika kubwa kuliko yeye. Alisema kwamba ofisi yake inawatangazia wote wenye shughuli nayo, awe nani, atokako popote, kuwa kuanzia saa hiyo Violet si msemaji tena wala hana ruhusa ya kusema kwa niaba ya mteja yeyote, na kwamba mwenye neno lolote amwendee yeye, Tabita, yeye tu, na hakuna mwingine, hata akikosekana. Aliyatamka kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwanga cha nyumbani, kisha kwa Kibemba alichokuwa amekikariri usiku kucha kwa hofu ya kukosea neno. Harufu ya tope ilikuja ikafunika mayai, ikafunika dizeli, ikawa nzito kooni kama kitu cha kumezwa, na Tabita, kwa kuwa hakuwa na la kufanya jingine, akameza.

"Dada!"

Violet alikuwa ameshuka kwenye gari, ameshikilia mlango, midomo ina damu. "Dada, nimesema! Sikia, ni mimi! Rabson, si unanisikia? Dada, nina njaa, nataka kwenda kwa mama, dada, ni mimi nasema!"

Alikuja akamkumbatia, akicheka na kulia, akitamka majina ya watu wa kwao mmoja mmoja kuyajaribu ulimini. Tabita alimkumbatia kwa nguvu zote. Alibana meno. Alisikia kitu kikitulia nyuma ya ulimi wake, kikijitafutia nafasi bila haraka, kama mgeni anayenyoosha mikunjo ya nguo kabla ya kukaa.

"Mbona kimya? Sema chochote, dada."

Tabita akatikisa kichwa na kutabasamu.

Hakufungua mdomo Rabson alipowaendesha mpaka stendi. Hakufungua alipomkatia Violet tiketi. Alionesha kwa kidole kwenye ubao, Ileje, na mkata tiketi akamdhania bubu, akamhudumia kwa kupaza sauti. Violet aliufungua mlango wa Hiace akachungulia, uso umejaa hofu ya aina nyingine.

"Umenikasirikia, eti? Ni kwa ajili ya wale wateja walioondoka? Dada, niage basi. Neno moja tu nimpelekee mama."

Tabita alimshika shavu, akalipapasa kwa kidole gumba, kisha akaufunga mlango yeye mwenyewe. Alisimama akipunga mkono mpaka gari likapotea nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka, na aliendelea kupunga hata pale ambapo hakukuwa na wa kumwona.

"Mbona unalia, mrembo?" Mwanamke aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma alimwita, akipeperusha mkaa. "Njoo ule hindi. Kwani kuna nini?"

Wawili watatu waliokuwa wanangoja mahindi yao wakageuka kumtazama. Tabita alitaka kuwaambia kwamba si kitu, kwamba wasisogee. Midomo yake ilikuwa imeanza kuachana yenyewe, na akabaki amesimama pale, kama wao, akingoja kusikia atasema nini.