Maji Yaliyochemshwa Mara Tatu

Nguzo-fyonza arobaini zilisimama juu ya mashamba ya mpunga ya Mbarali, zikivuta hewa kwa sauti ya mtu anayekoroma. Mbolea iliyokuwa ikipotea kila msimu, ikipanda angani kama amonia na kuteremkia mtoni kama naitreti, sasa ilinaswa yote na kusukumwa chini ya ardhi. Samaki wakarudi mtoni. Watu wakaacha kukohoa. Mhandisi Tusekile, aliyezibuni, akavishwa nishani.

Lakini huko chini ni wapi, jamani? Hakuna aliyeuliza. Vipimo vya hewa vilikuwepo, vya mto vilikuwepo. Vya visima havikuwekwa, maana kwenye ramani ya mradi kila nyumba ilikuwa na bomba.

Kwa Anyisile, mdogo wake Tusekile, bomba lilikuwepo kweli. Lilikuwa limekauka tangu mwezi wa sita.

Asubuhi moja Anyisile alimpigia dada yake simu huku analia. Tusekile alifika mbio, akamkuta mtoto wa mdogo wake, wa wiki tano, midomo na kucha vimekuwa vya buluu, amelegea mikononi. Wakakimbilia zahanati. Daktari alipomtoboa kidole, damu ilitoka ya kahawia.

"Huyu anakunywa nini?"

"Maziwa ya kopo, yangu yalikataa kutoka. Nakorogea maji ya kisima." Anyisile akamgeukia dada yake. "Lakini nayachemsha mara tatu, dada, kama ulivyoniagiza. Mpaka yanabaki nusu sufuria."

Tusekile akakaa chini. Moto huua vijidudu. Naitreti iliyosukumwa chini ya ardhi hadi visimani haifi, maji yanapungua, yenyewe inabaki na kuzidi ukali. Alilijua hilo tangu chuoni, na bado aliagiza vile, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa na mama yao.

Daktari alimdunga mtoto dawa. Baada ya nusu saa midomo ikaanza kurudia rangi yake. Anyisile akalia, akacheka, akamkumbatia dada yake.

"Umeniokolea mwanangu!"

"Usinishukuru, Anyisile. Tafadhali."

"Nisikushukuru kwa nini?" Kisha akamwachia taratibu. "Dada. Yule mtoto mchanga wa jirani yangu Atuganile, tuliyemzika Jumapili. Walisema ni moyo. Na mama yake alikuwa anachota maji kisima kile kile."

"Alikuwa anayachemsha?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa anaona uvivu, nikamwambia dada yangu ni mhandisi, anajua."