Akiba ya Bibi na Jicho la Mpangaji

Kila siku akitoka shule, Tabibu alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, kisha akapiga hodi. Alijua hakuna wa kumkaribisha. Ni mazoea tu, kwani zamani bibi yake alikuwa akimjibu kutoka chumbani, "Karibu, tabibu wangu!"

Tangu bibi afariki, nyumba ya vyumba viwili ilikuwa kubwa mno. Mama alikuwa fundi cherehani katika duka la sare. Alirudi jioni amechoka, vipande vya uzi vimemganda kwenye nguo, akapika, akala, kisha akaketi kwenye cherehani ya nyumbani kumalizia kazi za watu. Mchana kutwa Tabibu alibaki na paka wa bibi, dume la kijivu lililoingia siku moja ya mvua, likalala kitini na lisitoke tena. Bibi alimwita Mpangaji. "Kodi halipi, na kuhama hahami," alikuwa akisema.

Jina la Tabibu nalo lilitoka kwa bibi. Bibi alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mjukuu ndiye aliyemtilia dawa ya matone. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Bibi alimsifu kwa kila mgeni mpaka jina likanata.

Alasiri moja Mpangaji alirudi kutoka kwenye ugomvi wake wa uani, jicho la kulia limefumba, machozi yanamtiririka na tongotongo za manjano zimejaa pembeni.

"Umepigana tena, mzee mzima?" Tabibu alimkemea. "Huoni haya?"

Alipanda kiti, akashusha kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Katika nyumba ile dawa iliyobaki haikutupwa. Ndani ya kopo mlikuwa na vidonge vya homa ya mwaka juzi, dawa ya kikohozi iliyoganda kizibo, na kichupa cha matone cha bibi, jina lake bado linasomeka. "Akiba haiozi," ndivyo bibi alivyosema kila alipofunika kopo hilo.

Tabibu alimshika Mpangaji, akamtilia tone kwa uangalifu uleule wa zamani. Moyo wake ulifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mikono yake ilikuwa na kazi. Hakumwambia mama. Alitaka paka apone kwanza, ndipo amweleze, naye mama asifu kama bibi alivyosifu.

Lakini Mpangaji hakupona. Kila alipotiliwa dawa, jicho lilizidi kuvimba, na utando mweupe ukaanza kutanda juu ya mboni. Akaacha kula. Mwishowe alijificha chini ya kitanda cha bibi na kukataa kutoka.

Mama aliporudi jioni hiyo, aliona miguu miwili imechomoza chini ya kitanda.

"Wewe, unatafuta nini huko?"

"Mpangaji anakufa, mama," Tabibu alijibu huku akilia. "Na yeye ataniacha."

Mama alipiga magoti, akamvuta paka taratibu na kumtazama. "Jicho limefika hapa, na mimi sijui! Mbona hukuniambia?"

"Ukirudi unashona. Sikutaka kukusumbua."

Mama alimfuta machozi kwa kiganja.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini. Walimtia Mpangaji ndani ya kapu lenye kifuniko, wakaenda kwa daktari wa wanyama, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Mmempa dawa yoyote?" daktari aliuliza.

Mama alisema hapana. Tabibu alitazama sakafu. Akisema kweli, watajua kuwa yeye ndiye aliyemwumiza. Akinyamaza, daktari atatibu gizani. Alitoa kichupa mfukoni na kukiweka mezani. "Nilimtilia hii. Ni ya bibi, alipopasuliwa mtoto wa jicho."

Daktari alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye kichupa. Hakugomba. Alitia jichoni tone la rangi, akammulika Mpangaji kwa tochi ndogo. Mstari wa kijani ukaonekana juu ya jicho.

"Mnaona? Hapo ndipo kucha ya mwenzake ilipopita. Dawa hii ilimfaa bibi baada ya upasuaji, kwa kuwa inatuliza uvimbe. Kwenye mkwaruzo, inazuia kidonda kufunga na vijidudu vinapata nafasi. Tena kichupa cha matone kikishafunguliwa, hakikai miezi na miezi."

"Lakini nilimtilia vizuri," Tabibu alisema. "Kama bibi."

"Mkono wako ni mzuri, mwanangu. Ulichokosa ni kuuliza, na kuuliza si ujinga."

"Atapofuka?"

"Mngekawia zaidi, angepofuka. Umeniambia kweli, kwa hiyo najua pa kuanzia."

Aliwapa malhamu ya jicho na kola ya plastiki ili paka asijikune. Aliwafundisha kunawa mikono kwa sabuni kabla na baada, kufuta tongotongo kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, na kupaka dawa bila ncha ya tyubu kugusa jicho. "Na msiache mkiona amepona," alionya. "Mtaacha nikiwaambia."

Basi kila jioni cherehani ilifunikwa kwanza. Mama alimviringisha Mpangaji ndani ya taulo na kumpakata, na Tabibu akapaka dawa. Paka alinguruma ndani ya kola yake, mama akamwambia, "Tulia, mpangaji, leo unalipa kodi," na wote wawili wakacheka, wakamkumbuka bibi.

Siku daktari aliposema basi, jicho lilikuwa wazi. Alama ndogo nyeupe tu ilibaki. Mama alishusha kopo la biskuti ili dawa zote za zamani zipelekwe zahanati zikateketezwe. Tabibu alikishika kichupa cha bibi, asitake kukiachia. Mama alilowesha ile karatasi yenye jina, akaibandua polepole na kumpa.

"Hii weka," alisema. "Bibi yako alisema akiba haiozi, lakini dawa huoza. Dawa ya mtu ni ya mtu huyo, kwa ugonjwa huo. Tusiyoyajua tutawauliza wanaojua. Na kilio, mwanangu, usiniwekee akiba. Nifikishie kikiwa kibichi, hata kama nashona."

Mama aliomba kazini awe akishonea nyumbani siku za Ijumaa. Ijumaa iliyofuata Tabibu alifungua mlango, akapiga hodi kwa mazoea. Ndani cherehani ilikuwa ikilia. Ikanyamaza.

"Karibu, tabibu wangu," mama alijibu.